Mwenzako Ana Pointi Ngapi?

Kuna watu tunawaita watu wa hesabu, na hatuwaiti hivyo kwa kuwasifu. Ni yule anayekuja msibani kwa sababu kasikia mkubwa fulani atakuwepo, au anayekukumbuka kwa simu wiki ile ile uliyopata cheo. Tumelelewa tukiamini kwamba ukianza kumpima mwenzako kwa tarakimu, urafiki umeshakufa, bado kuzikwa tu. Leo nataka kubishana kidogo na malezi hayo, na mfano nitakaoutumia huenda wasomaji wa riwaya na mashairi hamkuutarajia: mashindano ya roboti.

Aliyeniingiza huko ni mpwa wangu. Yuko kidato cha tatu hapa Tukuyu, hajawahi kuigusa roboti ya namna hiyo hata siku moja, lakini bando likiwepo anaangalia video za mashindano ya Marekani kama wenzake wanavyoangalia Ligi Kuu ya Uingereza. Siku moja akaniuliza, "Anko, hivi wale wakiiacha timu ya marafiki zao wakachukua timu wasiyoijua, kisa tu kompyuta imesema, si usaliti huo?" Sikumjibu hapo hapo. Makala hii ndiyo jibu lake, na kwa kuwa swali lenyewe ni kubwa kuliko roboti, nimeona nilijibu mbele yenu.

Kwanza tuuelewe mchezo. Taasisi ya FIRST ilianzishwa 1989 na mvumbuzi Mmarekani, Dean Kamen. Mashindano yake ya kwanza ya sekondari yalifanyika 1992 kule New Hampshire, timu 28 tu. Kila mwaka wanafunzi wanapewa mchezo mpya, wanajenga roboti yao, wanaipeleka uwanjani. Mechi moja ni kama dakika mbili na nusu hivi, imekwisha. Miaka ya mwanzo kila timu ilijitegemea. Kuanzia 1999 wakaleta kitu kinachoitwa muungano: timu zinacheza upande mmoja zikisaidiana, na tangu 2005 ni timu tatu dhidi ya tatu.

Sasa utamu uko hapa. Katika mechi za awali, timu haichagui wenzake. Ratiba inapangwa na kompyuta: mechi hii uko na hawa, mechi ijayo wale wale ndio wapinzani wako. Kila timu inacheza mechi kama kumi au kumi na mbili hivi. Zikiisha, timu nane za juu kwenye msimamo zinakuwa manahodha, na kila nahodha anachagua wenzake wawili wa kwenda nao kwenye mtoano. Mzunguko wa kwanza anaanza nahodha wa kwanza hadi wa nane. Mzunguko wa pili unageuka, anaanza wa nane kurudi hadi wa kwanza. Nahodha anasimama mbele ya umati na kutaja timu anayoitaka, na timu hiyo ina haki ya kukataa. Miungano nane mara tatu ni timu 24. Kama mlikuja timu 40, basi timu 16 zinafungasha virago huku zinatazama.

Kwa hiyo kila timu yenye akili, kabla ya siku hiyo, inafanya kazi ambayo kwenye soka tungeiita ya skauti. Wanafunzi sita wanakaa jukwaani, kila mmoja ana roboti moja ya kuitazama, mechi baada ya mechi, siku nzima. Amefunga mara ngapi? Amekosa mara ngapi? Amezima katikati ya mchezo? Akizuiwa anafanyaje? Wengine wanaandika kwenye karatasi, wengine kwenye tableti. Usiku yote yanaingizwa kwenye jedwali, na asubuhi nahodha anaenda uwanjani na orodha mkononi: huyu kwanza, akichukuliwa basi yule, na yule hapana kabisa.

Kwa nini wasitazame tu msimamo? Kwa sababu msimamo unadanganya. Timu dhaifu ikipangiwa wenzake wenye nguvu mara tano, inapanda. Timu nzuri ikibebeshwa roboti zinazozima, inashuka. Pointi za mechi ni za watu watatu kwa pamoja, na ubao hausemi nani kaleta ngapi.

Niliposoma jinsi wanavyolitatua hilo nikakumbuka chai. Chukua akina mama watatu wanaochuma chai shambani, huku upande wa Katumba. Siku ya kwanza mama wa kwanza na wa pili wanajaza tenga moja, mizani inasoma kilo 30. Siku ya pili wa pili na wa tatu wanaleta 26. Siku ya tatu wa kwanza na wa tatu wanaleta 24. Hakuna aliyepimwa peke yake, lakini ukijumlisha zote na kugawa kwa mbili unapata 40 kwa wote watatu, kisha unatoa moja moja: wa kwanza anachuma 14, wa pili 16, wa tatu 10. Hesabu ya kidato cha pili hiyo. Wale vijana wanafanya hiyo hiyo kwa timu arobaini na mechi zote, kompyuta ikiwasaidia, na mwisho kila timu inapata namba yake.

Hapo ndipo moyo wa Mswahili unaposhtuka. Mtu kawa namba! Lakini tusikimbie. Tujiulize kwanza: kabla ya namba, watu walikuwa wanachaguaje?

Walikuwa wanachagua kwa jina. Timu yenye historia, yenye fulana nzuri, yenye wafadhili, inajulikana hata kabla ya kushuka kwenye gari. Tuna methali inayosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nadhani methali hiyo ilitungwa na mtu aliyeishi karibu na soko. Kizuri kilichoko mbali hakijiuzi. Ndizi za Rungwe ni nzuri, lakini lazima mtu azipakie lori ndipo Dar es Salaam wazionje. Na wapenzi wa soka wa hapa hawajasahau kwamba 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Nenda kamuulize mtu wa Kariakoo mwanzoni mwa msimu ule, nani wa kuwekewa dau. Jina lingemjibu, na jina lingekosea.

Tena tazama namna uchaguzi wa roboti ulivyopangwa. Nahodha wa kwanza anachagua wa kwanza, hapo hahitaji upelelezi wowote, roboti bora inaonekana na kila mtu. Lakini mwenzake wa pili anamchagua mwisho kabisa, baada ya timu 23 kuwa zimeshapata nafasi. Yule mkubwa wa wakubwa, ubingwa wake unategemea timu ambayo wengine wote wameipita bila kuiona. Hapo jina halimsaidii. Kinachomsaidia ni yule mtoto wa jukwaani aliyekaa saa nane akiitazama roboti mbovu mbovu isiyofunga sana, akaandika kwamba haijawahi kuzima hata mara moja. Mimi katika hili naona heshima. Kuna mtu kamtazama asiyetazamwa, tena kwa makini, tena mara kumi na mbili.

Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia mpwa wangu. Sisi huku tunalo jina la utani kwa uchaguzi usiojali jedwali: undugunaizesheni. Tunalicheka, lakini kila mmoja wetu anamjua mtu aliyekosa kazi kwa sababu mwenye nafasi alikuwa na binamu. Nahodha anayemchukua rafiki yake dhaifu hatoi zawadi ya mali yake mwenyewe. Nyuma yake kuna wenzake walioshinda usiku wakikaza skrubu, na kuna timu ya tatu itakayoungana nao. Anatoa jasho la wote hao. Ukarimu wa namna hiyo ni rahisi sana, kwa sababu gharama yake analipa mwingine.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo, kwa sababu naandika nikiwa Rungwe, na Rungwe ilishawahi kulijibu swali hili kwa namna yake kabisa.

Kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson waliishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica Wilson akachapisha kitabu, *Good Company*, kuhusu jambo lililowashangaza: hapa watu hawakujenga vijiji kwa kufuata ukoo. Walijenga kwa rika. Wavulana walichunga ng'ombe pamoja, na walipofika umri wa miaka kumi hivi waliondoka kulala kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, lakini kwa kundi: leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wakakua, wakaoa, wakazaa, na kile kijiji cha watoto kikawa kijiji cha wazee. Mwenzako wa kuchunga ndiye jirani yako hadi kaburini. Na lengo la maisha hayo lilikuwa na jina, ukwangala: kufurahia kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao mkiwa sawa.

Ukilinganisha na jukwaa la roboti, unaona dunia mbili. Kule muungano unaundwa asubuhi na kuvunjika jioni. Huku uliundwa machungani na kuvunjwa na kifo. Kule unajua mwenzako amefunga mara ngapi. Huku unajua alilia lini, anakulaje, akilewa anasema nini. Mtu wa rika lako hukuhitaji kumfanyia upelelezi.

Ningeweza kufunga makala hapa kwa kusifu ya zamani, na wengine mngepiga makofi. Lakini kitabu hicho hicho kina upande mwingine. Monica Wilson anaeleza nguvu ambayo watu waliiita pumzi ya watu. Wanakijiji wakimchukia mwenzao, wakinong'ona kwa pamoja, pumzi yao iliaminika kuwa na baridi inayoweza kumletea ugonjwa. Na mtu aliyeshukiwa uchawi aliweza kulazimika kuhama, aende kutafuta kijiji kingine. Kumbe hata kwenye kijiji cha ukwangala kulikuwa na orodha, ila ilikuwa midomoni mwa watu. Aliyeondolewa hakuwa na pa kwenda kuomba aonyeshwe ilivyoandikwa.

Hapa ndipo mimi nilipobadilika kimawazo nilipokuwa natafakari swali la kijana. Tunapolalamikia namba tunajifanya kwamba mbadala wake ni upendo. Mara nyingi mbadala wake ni umbea. Jedwali likikuonea unaweza kusema, "Hebu nionyesheni, mechi ya saba mliandika nimezima, mbona nilikuwa nacheza?" Mnarudia video, mnasahihisha. Umbea hausahihishwi. Ukiukanusha unanenepa.

Basi namba zimeshinda? Hapana, subirini. Na zenyewe zina uonevu wake.

Turudi kwenye lile tenga la chai. Hesabu yetu ilidhani kitu ambacho hatukukisema: kwamba mama wa pili anachuma kilo 16 popote na na yeyote. Lakini watu hawako hivyo. Kuna mtu ukifanya naye kazi unachangamka, kuna mwingine anakuchosha kabla ya saa nne. Kwenye roboti ni vivyo hivyo. Ipo timu ambayo kazi yake uwanjani ni kumzuia mpinzani asifunge. Haifungi yenyewe, na hesabu inayojumlisha pointi zilizofungwa haioni pointi zilizozuiwa. Ipo timu iliyompa mpinzani wake betri nusu saa kabla ya mechi. Woodie Flowers, profesa wa MIT aliyefariki 2019, aliwafundisha wanafunzi hawa kwamba unaweza kushindana kwa nguvu zako zote huku ukimtendea mpinzani kwa heshima, na ni kweli wanaazimana vifaa na mafundi. Sasa niambie, betri ile iliyoazimwa inaingia kwenye safu gani ya jedwali?

Tatizo lingine ni kile namba inachomfanya mwenye kuitumia. Jedwali lilitengenezwa ili mtu atazame zaidi. Likishakuwepo, linampa kisingizio cha kutotazama tena. Nahodha mvivu anasoma namba ya kwanza hadi ya mwisho, haendi kwenye karakana kuwasalimia hao anaotaka kuwachukua. Nchini kwetu tuliliona hili kwenye elimu. Kwa miaka mingi matokeo ya mitihani ya taifa yalikuja na shule kumi bora, na magazeti, sisi wenyewe, tukazikimbilia hizo kumi kama nzi. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, likasema halitangazi tena shule bora wala wanafunzi bora. Matokeo yenyewe hayakufutwa. Kila shule bado inaweza kuonekana. Kilichoondolewa ni ile orodha iliyotufanya tusome kumi za juu tukafunga ukurasa, bila kujiuliza shule ya chini kabisa ina walimu wangapi wa hisabati.

Kama unataka kuona watu wanaotumia vyote viwili, namba na macho, usiende Marekani. Nenda kwenye kikoba cha akina mama wowote hapa Tukuyu. Kuna daftari: hisa za fulani, mkopo wa fulani, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii. Kuna sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanazishika watu watatu tofauti. Hawachekeani kwenye hesabu hata kidogo. Lakini akitaka kuingia mwanachama mpya, hawaanzi na daftari, maana hayumo bado. Wanaulizana. Alipofiwa jirani yake alionekana? Deni la dukani alilipa bila kukumbushwa? Na akishaingia, daftari linamlinda na ndimi zao, na wao wanamlinda na daftari. Mwezi ambao mtoto wake kalazwa na hisa hajaleta, safu yake inasomeka sifuri, na mtu anasimama kueleza hiyo sifuri imetoka wapi.

Kusimama na kueleza: hicho ndicho ninachokitafuta, na uwanja wa roboti unacho ukiutazama vizuri. Nahodha anatembea mbele ya watu wote na kutaja jina kwa mdomo wake. Anayeitwa anajibu kwa mdomo wake, ndiyo au hapana, na akikataa hawezi kuchukuliwa na muungano mwingine, kwa hiyo naye jibu lake lina gharama. Namba zilifanya kazi usiku. Asubuhi inabidi binadamu aulize na binadamu ajibu.

Kwa hiyo, mpwa wangu, jibu langu ni hili. Kuichagua timu usiyoijua kwa sababu imestahili si usaliti. Rafiki yako hukumwahidi medali. Ulimwahidi ukweli. Ukimwacha, mfuate wewe mwenyewe kabla jina la mwingine halijatajwa, umwambie: tumewatazama, mnazima mara nyingi, safari hii hatuendi pamoja. Akitaka kuona mlivyoandika, mwonyeshe. Ukiona aibu kumwonyesha, jua kuna kitu kwenye hiyo orodha hakiko sawa. Na kama hukuwahi kukaa jukwaani, ukaazima orodha ya wengine ukaisoma tu, huna haki ya kumwacha mtu kwa namba ambazo hukuzihangaikia. Usaliti upo, lakini uko hapo: kumhukumu mtu bila kumtazama. Unaweza kuufanya kwa namba, unaweza kuufanya kwa umbea, na unaweza pia kuufanya kwa upendo, ukimchagua rafiki na kuwapita walio bora kwa sababu hukujisumbua kuwaona.

Linabaki moja, na hili si la mpwa wangu, ni letu sisi wakubwa. Julai 2017 yalifanyika Washington mashindano ya kwanza ya FIRST Global, kila nchi timu moja, mataifa zaidi ya 150, Tanzania ikiwemo. Nayo huchezwa kwa miungano, nchi tatu upande mmoja. Nilifurahi kuona bendera yetu. Lakini timu moja kwa nchi nzima maana yake ni kwamba uchaguzi mkubwa ulishafanyika nyumbani, kabla ya jedwali lolote kufunguliwa. Skauti makini kuliko wote duniani anaweza kuiona roboti mbovu mbovu iliyo nafasi ya 39. Hawezi kumwona kijana ambaye hakuletwa uwanjani. Huyo hana alama ndogo wala kubwa. Hana safu kabisa, na kwenye orodha za dunia asiye na safu na asiye na uwezo wanasomeka sawa.

Yule kijana wangu bado anaangalia video zake kwa bando la mia tano. Anajua sheria za mchezo kuliko mimi, na ile hesabu ya tenga la chai aliifanya kichwani nikiwa bado natafuta kalamu. Kabla hatujabishana kama ni haki kumchagua mtu kwa namba, kuna watu wanaopaswa kuulizwa lini yeye na wenzake watapata nafasi ya kuhesabiwa.